Laptopu ya steshenari: Memory 91%, Disk 100%. Nizime zipi, zipi nisiguse?

DadaWaMsamvu

Habari za jioni wakuu. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, jirani na stendi ya Msamvu. Natoa kopi, naprinti, naskani, nachapa barua, na kazi kubwa zaidi ni kuwajazia watu maombi mtandaoni: mikopo ya elimu ya juu ya HESLB, kazi za serikali kwenye Ajira Portal, uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa RITA. Mashine yangu ni laptopu ya mtumba, Core i3 kizazi cha nne, RAM (kumbukumbu ya muda) 4GB, HDD (diski ya kuhifadhia) ya 500GB, Windows 10 ya 64-bit.

Asubuhi nikiiwasha nafagia kibaraza, napanga karatasi, nachaji simu za watu, bado kiduara kinazunguka. Kufungua Word ni kusubiri. Jana kijana mmoja tulikuwa tumefika hatua ya kupakia vyeti, ukurasa ukaganda, mfumo ukamtoa, tukaanza upya. Inaniuma kwa sababu wengine wanatoka vijijini huko Mvomero na nauli yenyewe ni ya kuungaunga. Mtu kama huyo siwezi kumwambia njoo kesho.

Nimefungua Task Manager, lile dirisha linaloonyesha kila programu inakula kiasi gani. Kabla sijagusa kitu Memory ipo 78% na Disk 100%. Nikifungua Chrome na Word, Memory inapanda 91% na kuendelea. Processes ni 163, na humo kuna Service Host kibao zinazojirudia. Fundi wa hapa anasema dawa ni kupiga Windows upya. Mimi sitaki, draiva ya printa (programu inayoiunganisha na Windows) ilinisumbua sana mpaka ikakubali.

Naomba mnisaidie: katika hizo 163 nizime zipi, na zipi nisiguse kabisa?

kijana_wa_bando

Dada, pakua programu ya kusafisha RAM. Unabonyeza kitufe kimoja tu, memory inashuka mpaka 40%. Halafu ingia services.msc uzime SysMain, Windows Search, Windows Update, Print Spooler na Defender. Kwangu inapaa.

FundiKirumba

Dada wa Msamvu, usiifuate hiyo orodha. Print Spooler ndiyo inayopokea kila kazi unayoituma kwenye printa. Ukiizima, Word itafunguka na printa haitatoa hata karatasi moja. Defender, kinga ya virusi ya Windows yenyewe, nayo usiizime: kwako zinachomekwa flashi za kila mtu, na steshenari ni njia rahisi ya virusi kuhama kutoka mashine moja kwenda nyingine. Kijana, kwako pengine huna printa, lakini mwenzako anakula kwa printa.

Programu za kusafisha RAM nazo ziache. Zinachofanya ni kuzilazimisha programu nyingine ziachie vitu vyake kwenye RAM. Namba inashuka, unafurahi. Ukirudi kwenye Word, vitu vile vile vinasomwa tena kutoka kwenye diski, na diski yako ndiyo iliyokwisha kuzidiwa. RAM iliyo tupu haina faida yoyote kwako. Unachotaka ni vile unavyovitumia sasa hivi viwe ndani yake.

Hizo 163 zisikutishe. Tangu toleo la Windows 10 la mwaka 2017, mashine yenye RAM zaidi ya 3.5GB hugawa huduma zake (programu ndogo zinazofanya kazi nyuma ya pazia), karibu kila moja na Service Host yake, ili moja ikianguka isiwaangushe wenzake. Ndiyo maana unaona zinajirudia. Nyingi zinatumia megabaiti chache tu. Unaweza kuzima ishirini usione tofauti, ukazima moja mashine isiingie kwenye Wi-Fi.

Tazama hizo namba mbili kwa pamoja, maana mara nyingi ni ugonjwa mmoja. RAM ikijaa, Windows inachukua vitu visivyoguswa kwa muda na kuvihamishia kwenye faili liitwalo pagefile.sys, lipo diski C. Ukivihitaji, inavirudisha. HDD ni sahani inayozunguka na kichwa kinachosomea juu yake. Vitu vikiwa vimetawanyika, kichwa kinakimbia huku na huko, na kwa diski za laptopu kinahudumia maombi kama mia moja tu kwa sekunde. Word, Chrome na Windows yenyewe zote zinapanga foleni hapo hapo, kama abiria kwenye dirisha moja la tiketi siku ya kufunga shule. Kiduara unachokiona ni hiyo foleni.

Kwa hiyo kwanza tupime. Leo usizime mashine kwa Shut down, chagua Restart. Windows 10 ina kitu kinaitwa Fast Startup: ukizima kwa kawaida, kiini cha Windows kinahifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kesho kama kilivyokuwa. Nenda Performance, bonyeza CPU, usome Up time: utakuta inahesabu siku nyingi wakati wewe unazima kila jioni. Restart ndiyo inayoanza upya kweli.

Ikishawaka iache dakika kumi bila kugusa. Halafu Ctrl+Shift+Esc, ubonyeze neno Memory juu ya safu yake ili wakubwa wapande juu. Niandikie watano wa kwanza. Kisha Performance, Memory, unisomee Committed (jumla ya kumbukumbu ambayo programu zimeahidiwa, RAM na pagefile pamoja) na Slots used (nafasi za RAM zilizojazwa). Mwisho kichupo cha Startup, chenye programu zinazojiwasha pamoja na mashine, unitajie zote zenye Enabled.

DadaWaMsamvu

Asante sana kaka, nimefanya kama ulivyosema. Nilikuwa nimefungua Chrome na Word kama siku ya kazi. Wa kwanza ni Chrome, imevuka 1,100 MB. Wa pili ni antivairasi iliyokuja na mashine, kila siku inaniambia muda wake umeisha nilipie. Halafu Word, halafu Microsoft Edge, na hapo sijaifungua kabisa na wala siitumii. Wa tano ni Teams.

Committed inasoma 6.3/8.1 GB. Slots used ni 1 of 2, Speed 1600 MHz.

Startup zenye Enabled: OneDrive, Teams, Spotify, programu ya torenti, hiyo antivairasi, kitu cha printa, na Edge. Spotify na torenti sijaweka mimi, nadhani ni za aliyekuwa nayo mwanzo.

FundiKirumba

Vizuri, sasa tunafanya kazi na kitu tunachokiona.

Kwenye Startup bonyeza Teams, Disable. Spotify, Disable. Torenti usiishie kuizima, iondoe kabisa kupitia Settings, Apps, kwa sababu programu ya namna hiyo huendelea kuwapandishia watu wengine mafaili nyuma ya pazia, na bando linalokwenda ni lako. OneDrive angalia kwanza: kama kazi za wateja zinahifadhiwa kwenye folda yake, iache. Kitu cha printa kiache, mara nyingi ndicho kinachofanya kitufe cha skani kwenye printa kifanye kazi.

Antivairasi iliyoisha muda inakula RAM na haikulindi ipasavyo. Iondoe, fanya Restart, halafu fungua Windows Security uone. Defender huwa inajiweka pembeni ikiona antivairasi nyingine, na ikiondoka inaamka yenyewe. Usifungue flashi ya mtu kabla hujaona alama ya kijani hapo.

Edge: ifungue, Settings, System and performance, uzime Startup boost na ile inayoruhusu viendelezi kuendelea baada ya kuifunga.

Kwenye Chrome kuna jambo nataka ulishike vizuri, linamhusu yule kijana wako. Ukiwa ndani ya Chrome bonyeza Shift+Esc, itakuonyesha kila kichupo kinakula kiasi gani. WhatsApp Web na kurasa zenye matangazo ya video ndizo hupanda juu. Kwenye Settings, Performance, kuna Memory Saver, iwashe: inavilaza vichupo usivyovitumia. Lakini kichupo kilicholazwa ukikirudia kinapakiwa upya, na fomu iliyojazwa nusu isije ikapotea hapo. Sehemu hiyo hiyo kuna mahali pa kuandika tovuti zisizolazwa kamwe. Andika ya HESLB, ya Ajira Portal na ya RITA. Na ukiwa unamjazia mtu mkopo, funga vichupo vingine vyote, hata WhatsApp, mpaka apate uthibitisho.

SysMain aliyoitaja kijana ipo kwa kazi maalumu: inapakia mapema programu unazozifungua mara kwa mara. Kwenye HDD inaweza kusaidia, inaweza pia kuisumbua diski. Ingia services.msc, ibonyeze Stop tu, usiiweke Disabled, uangalie Disk kwa dakika chache. Isiposhuka, ibonyeze Start iendelee.

Ukimaliza yote hayo Committed itashuka, ila kutoka 6.3 pengine bado itaizidi RAM ya 4, na sehemu itaendelea kwenda kwenye diski. Slots used 1 of 2 ni habari njema, nafasi ya pili ipo wazi. Nunua kipande cha 4GB chenye maandishi PC3L-12800S. Kagua hiyo herufi L kwa macho yako kabla hujalipa. Laptopu za kizazi cha nne kwa kawaida zinataka ile ya volti 1.35, na ukipewa ya PC3 tupu inaweza isiwake kabisa.

SaibaLikoni

Salaam dada, nakusoma kutoka Mombasa. Nina saiba, duka la intaneti, kwangu watu waja kwa mambo ya kodi ya KRA na huduma za serikali za eCitizen, kwa hivyo hiyo fomu kuganda mteja akiwa amekaa naijua vyema.

Fundi amesema kweli tupu, ila mimi ningetanguliza SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka. RAM hata ikiongezwa, Windows yenyewe na Word zitaendelea kusomwa kutoka kwa sahani ile ile inayozunguka. HDD ya laptopu husoma kama megabaiti 100 kwa sekunde ikiwa katika hali nzuri kabisa, SSD ya SATA hukaribia 500, na kwa vitu vidogo vilivyotawanyika tofauti ni kubwa kuliko hapo. Printa isikutie hofu: kuna programu za kunakili diski nzima kama ilivyo, Windows, draiva, Word na yote, kwa waya wa USB tu. SSD ya 240GB yatosha mradi ulivyonavyo havizidi hapo.

Jambo jingine, Windows 10 ilikoma kupata matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine ya kizazi cha nne haimo kwenye orodha ya Windows 11. Kwa hivyo usitie pesa nyingi. SSD waweza kuihamishia kwa mashine nyingine baadaye, RAM ya DDR3, aina ya mashine yako, haitaingia kwa mashine mpya.

FundiKirumba

Hoja ya kuhamisha SSD ni nzito, naikubali. Sababu yangu ya kutanguliza RAM ni Committed yake, na kwamba kipande kinaingia kwa kufungua kifuniko tu, betri ikiwa imetolewa. Lakini tusibishane, diski yenyewe itatuamulia. Dada, pakua CrystalDiskInfo, inayosoma afya ya diski, ni ya bure, ifungue uniambie pale juu pameandikwa nini na ni rangi gani.

DadaWaMsamvu

Nimeondoa antivairasi na torenti, nimezima Teams, Spotify na ile ya Edge. Baada ya Restart, kabla sijafungua kitu, Memory ni 57%. Leo nimemjazia binti mmoja maombi mwanzo mpaka mwisho bila kutolewa. SysMain niliisimamisha, Disk haikushuka, nimeirudisha. Disk bado inaruka 100% na kukaa hapo, hata nikiwa nimefungua Word peke yake.

Hiyo CrystalDiskInfo imeandika Caution, rangi ya njano. Chini kuna mistari miwili yenye alama ya njano: Reallocated Sectors Count na Current Pending Sector Count.

FundiKirumba

Basi SSD kwanza, na ndugu yangu wa Likoni ndiye aliyekuwa na jibu la kwako. Mistari hiyo miwili inasema kuna sehemu za diski zilizokwisha kufa na nyingine zinazosomeka kwa shida. Diski ikifika kwenye sehemu ya namna hiyo inajaribu kusoma tena na tena, na muda wote huo Task Manager inaonyesha 100% ingawa kinachosomwa ni kidogo. Hata ungezima huduma zote, hapo pasingebadilika. Kupiga Windows upya juu ya diski hiyo hiyo nako kungekuwa kazi bure.

Usianze kwa kunakili diski nzima. Kunakili kunasoma kila kona, na diski mgonjwa inaweza kukata roho katikati ya kazi. Leo, kabla hujafunga duka, hamisha kwenye flashi mafaili ya wateja, violezo vyako vya barua na hesabu zako, na uyafungue machache kwenye mashine nyingine kuhakikisha yamekwenda mazima. Andika jina kamili la modeli ya printa pamoja na namba zake, upakue draiva yake kutoka tovuti ya mtengenezaji uiweke kwenye flashi hiyo hiyo. Hapo kunakili kukigoma, Windows itapigwa upya kwenye SSD na printa haitakusumbua tena.

Ukiipata SSD andika hapa hapa, tutakwenda hatua kwa hatua.

SaibaLikoni

Na dada, vyeti vya watu vilivyobaki kwa ile diski ya zamani usiviuze pamoja nayo. Mafundi wengi huiomba wakikuambia ni mbovu. Ikishatolewa, kaa nayo wewe.