Tupeane uzoefu: ulipomaliza mafunzo ya ufundi, kazi ya kwanza uliipataje?

Fundi wa Ngamiani
Habari za jioni wana Tanga, na ninyi mlioko mbali. Wiki hii vijana wetu kadhaa wenye ulemavu wametuma picha za mahafali, cheti mkononi. Nimefurahi, kisha nikaingiwa na hofu, maana najua kinachofuata. Wengine humu mmepita chuo cha wenye ulemavu cha Masiwani hapa hapa Tanga, wengine kile cha Yombo kule Dar, wengine vyuo vya ufundi vya VETA, na wengine mmefundishwa na mafundi wa mtaani. Chuoni cherehani ipo, umeme upo, mwalimu yupo. Siku ya kurudi kwenu unarudi na cheti na begi la nguo. Naomba tusimuliane kipande hicho tu, cha kutoka kwenye cheti hadi kwa mteja wa kwanza.

Naanza mimi. Mguu wangu wa kushoto ulipooza kwa polio nikiwa mdogo. Cherehani ya kukanyaga inataka miguu miwili; ukiwa na mmoja, gurudumu linarudi nyuma na uzi unakatika. Nilihangaika wiki nyingi hadi nikajua siri yake: unalizungusha gurudumu kwa mkono kwanza, likishika mwendo ndipo mguu unaufuata. Fundi mzima huwezi kumweleza akaelewa nilivyofurahi siku ile.

Nyumbani sikuwa na cherehani. Nilikaa barazani miezi minane watu wakinipa pole, na pole zile zilinichosha kuliko njaa. Aliyenitoa ni mama mmoja jirani, mshonaji. Alinipa kazi za kutengua zipu, kubana viuno na kukunja pindo. Ilipofika Desemba sare za shule zikamzidi, akaniachia sketi za bluu thelathini. Nilizishona zote. Kuanzia hapo watu wakaacha kuniita "yule kilema wa barazani", wakaanza kuniita fundi.

Haya, nawasikiliza.

Seremala Mabanzani
Mimi kiziwi. Lugha yangu ya kwanza ni ya alama, Kiswahili cha kuandika nilijifunza baadaye, naomba mnivumilie.

Chuo nilichosoma hakikuwa na mkalimani. Mwalimu aliongea huku ameangalia ubao. Nilitazama mikono ya wenzangu, nikafuata. Somo la vitendo nilifaulu vizuri, la nadharia nilifeli. Nilirudia mwaka. Iliniuma sana, kwa sababu kazi nilikuwa naijua.

Kwenye karakana, mafundi waliogopa kuniwekea msumeno wa umeme. Walisema hutasikia mbao ikibana. Nikawaonyesha: naweka kiganja juu ya meza ya mashine. Mbao ikianza kubana, meza inatetemeka tofauti. Najua kabla yao. Bosi alitazama siku tatu, siku ya nne akaniachia.

Mteja wa kwanza wa kwangu mwenyewe alitaka kabati. Alinionyesha picha kwenye simu, nikachora kwa penseli juu ya kipande cha mbao, nikaandika vipimo na bei. Yeye akaweka sahihi chini. Kipande kile ninacho mpaka leo. Sasa kila kazi nafanya hivyo. Mteja hawezi kusema hatukukubaliana.

Fundi wa Ngamiani
Kaka, hilo la kuandika bei juu ya mbao naliiba. Mimi wateja wananisumbua na masikio ninayo.

Mwoka mikate, Pangani
Asanteni kwa mada hii. Mimi nina ualbino. Kwetu kazi ni nazi na shamba, na jua la Pangani mnalijua. Ngozi ya shingo ilinipasuka nikiwa msichana, daktari akasema ukiendelea shambani utapata saratani. Nikasikia kuna mafunzo ya mapishi, nikajiandikisha. Sikuwa napenda mapishi, nilikuwa natafuta kivuli. Kupenda kulikuja baadaye.

Shida yangu ya pili ni macho. Mizani ya chuoni ilikuwa ya namba ndogo, nikiinama kuisoma unga unanijaa puani. Nilipoanza kwangu nikaacha mizani, nikatumia kopo. Kopo moja la unga, alama ya kisu ya maji, alama ya pili ya mafuta. Mikate inatoka sawa kila siku. Naoka usiku, alfajiri mdogo wangu anapeleka madukani. Saa nne jua likikaza, mimi nimelala.

Mafuta ya kuzuia jua bado ni mtihani. Yale yanayotengenezwa Moshi, hospitali ya KCMC, ni mazuri, ila yakinikwisha kabla ya kliniki nyingine najifungia ndani.

Kikundi Muheza
Shikamooni wakubwa. Mimi sioni, natengeneza mikeka na fagio. Nitaongelea kikundi, maana peke yangu nisingefika.

Tuko tisa, tumechanganyika. Tunakutana Jumatano, hisa moja shilingi 1,000, mwisho hisa tano. Sanduku lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu. Anayehesabu anahesabu kwa sauti ili mimi nisikie, na papo hapo ananyoosha vidole ili wenzetu viziwi wawili waone. Kisha fedha inapitishwa nishike mwenyewe. Noti zetu zinatofautiana ukubwa, elfu kumi ni ndefu kuliko elfu tano, kwa hiyo vidole vyangu navyo vinakagua.

Niseme na la kuumiza. Mnajua halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: wanawake 4, vijana 4, sisi 2. Alikuja bwana mmoja, asiye na ulemavu, akatuambia toeni majina, mradi nitauendesha mimi, ninyi mtapata gawio. Tulikuwa hatujui hata kuandika mchanganuo, tukakubali. Gawio lilikuja mara moja tu. Deni likabaki kwenye majina yetu. Tulilipa kwa mikeka, miezi mingi. Mikopo ile ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024, na safari hii tumeandika wenyewe. Katiba ya kikundi tulisomewa mara tatu, kila kifungu, na sahihi yangu ni dole gumba nililolibonyeza baada ya kuelewa. Vijana, jina lako ni mali. Usimkopeshe mtu.

Fundi wa Ngamiani
Dada, nimesoma mara mbili. Yametukuta wengi, wachache wanayasema.

Mgeni Korogwe
Shikamooni. Mimi ni mmoja wa hao wa picha za mahafali. Natumia kiti cha magurudumu, miguu yote haina nguvu, nimesomea ushonaji. Chuoni nilitumia cherehani ya kuzungusha kwa mkono, lakini mkono mmoja unabaki kushika kitambaa na kazi inakwenda pole pole mno. Nifanyeje?

Fundi wa Ngamiani
Marahaba mwanangu, hongera. Tafuta cherehani ya kawaida ifungwe mota. Kile kibonyezo cha chini usikiweke chini, kiweke mezani ukibonyeze kwa kiwiko. Mikono yote miwili inabaki kwenye kitambaa. Kuna mwenzetu hapa mjini anashona hivyo hata suti. Desemba inakuja na sare zitanizidi, ukiweza njoo ukae kwangu msimu mzima, mota ninayo ya akiba. Tatizo ni mlango, una ngazi mbili.

Seremala Mabanzani
Kiti chako upana sentimita ngapi, gurudumu hadi gurudumu? Na ngazi zina kimo gani? Nipeni vipimo, Jumamosi naleta ubao.