Dokta ukimwandikia mgonjwa bangi ya tiba, unaweza kuingia matatani?

Dokta Kijana: Wakuu habari. Kuna mama ananiletea mtoto ana kifafa kisichosikia dawa, tumebadilisha dawa mara nne na degedege bado zinampiga. Jana katoa kikaratasi kwenye pochi, kimeandikwa "mafuta ya bangi", ananiambia dokta niandikie basi. Sheria imelegezwa kidogo ila naogopa, nikishtakiwa je? Leseni naipenda jamani.

Wakili Mstaafu: Angalia kwanza sheria inasema uandike au upendekeze, siyo kitu kimoja hicho. Marekani kesi ya Conant, dokta aliyeishtaki serikali, mahakama ya rufaa 2002 ilisema dokta akimwambia mgonjwa bangi inaweza kumsaidia asinyang'anywe kibali cha kuandika dawa kwa maneno hayo tu, ila ukivuka ukamsaidia kuipata, hapo ni habari nyingine. Ndo maana kule majimboni wanasaini cheti, siyo prisikripsheni. Uingereza tangu Novemba 2018 anayeruhusiwa kuanzisha ni daktari bingwa, sasa wewe wa kawaida ukijitia kuanzisha umejichongea mwenyewe.

Nesi Mkongwe: Polisi mnawaogopa bure, anayekumaliza ni baraza la madaktari. Nimewahi kuona faili la dokta mmoja, mstari mmoja tu, "kapewa mafuta". Dozi hakuna, kiasi cha THC, ile kemikali ya bangi inayolevya, hakuna, saini ya mzazi hakuna. Mtoto akawa analala mchana kutwa, kumbe yuko kwenye klobazamu, dawa ya kifafa, na ile CBD, kemikali ya bangi isiyolevya iliyomo kwenye mafuta, inapandisha nguvu ya klobazamu mwilini, kila mtu anayeshika dawa za kifafa anajua hiyo. Kuitwa kujieleza, hana hata karatasi ya kushika.

Dokta Kijana: Duh. Huyu wangu yuko kwenye valproeti, dawa nyingine ya kifafa.

Nesi Mkongwe: Basi pima ini kabla na uendelee kupima, valproeti na CBD pamoja zinalisumbua. Na uliza ni mafuta gani, maana Epidiolex, dawa ya CBD ya kiwandani, ilisajiliwa Marekani 2018 kwa kifafa cha aina maalumu, hiyo ina dozi inayojulikana. Kichupa kisicho na lebo usiweke saini yako hapo hata mama akilia.

Wakili Mstaafu: Na bima yako ya taaluma waulize kwa maandishi kama wanafidia dawa isiyosajiliwa. Wakijibu kwa simu, omba barua.

Dokta Kijana: Nampa rufaa kwa bingwa wa mishipa ya fahamu, barua naandika leo. Kikaratasi cha mama nakibana humohumo kwenye faili.