Kipimo cha mishipa kwa chembe za chuma, Bongo kipo?

Kijana wa Tandika: Wakuu habari za saa hizi. Mzee wangu figo zinamsumbua, sasa kaandikiwa CT ya mishipa ya mguu, ile dawa ya picha yenye iodini wamegoma kumchoma mpaka majibu ya kriatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi) yatoke. Kuna video nimeona wanasema kuna mashine unachomwa chembe za chuma na hamna mionzi kabisa. Muhimbili ipo hiyo au ndo tujichange kwenda nje?

Dada Eksirei: Pole na mzee. Hiyo inaitwa MPI, yaani picha kwa chembe za sumaku. Bongo haipo, na hata Ujerumani ilikoanzia bado ni mambo ya utafiti, hivyo hela ya ndege mtunze. Walioibuni ni watafiti Gleich na Weizenecker wa kampuni ya Philips kule Hamburg, wakachapisha 2005, halafu 2009 wakaonyesha moyo wa panya hai unavyodunda.

Fundi Redio Kkoo: MRI si sumaku pia jamani? Na damu si ina chuma tayari, itajuaje kipi ni kipi?

Dada Eksirei: @Fundi swali zuri. MRI inasikiliza haidrojeni, ile ya kwenye maji mwilini. Hii inasikia zile chembe tu, chuma cha kwenye damu usumaku wake ni mdogo mno hakisikiki. Wanachofanya, sumaku kubwa inazishibisha chembe zote (yaani zinajaa usumaku mpaka haziitikii tena) kasoro kapointi kamoja katikati ambako sumaku ni sifuri, pale ndo chembe zinaitikia zikitikiswa kama mara 25,000 kwa sekunde, koili inadaka ule mwitikio, kisha wanakahamisha kapointi mpaka eneo lote liishe. Ila sasa nyama na mfupa huoni, ni kama taa za bodaboda usiku umeme umekatika, bodaboda unaziona barabara huioni. Ndo maana bado unahitaji picha ya CT au MRI uilaze pamoja na picha ya hii.

Kijana wa Tandika: Na hicho chuma kinatokaje sasa, si figo tena hizo hizo?

Dada Eksirei: Hapana, kinadakwa na ini na wengu, mwili unakitumia kutengeneza damu. Marekani kuna dawa ya jamii hiyo, ferumoksitoli, tangu 2009 wanapewa wenye figo mbovu waliopungukiwa damu. Aleji yake lakini sio ya mchezo, wengine inawashusha presha ghafla.

Mama Wawili Mbezi: Mwanangu, kama ni mguu muulize daktari kuhusu ultrasaundi ya Dopla kwanza, ile inayoangalia damu inavyopita kwenye mishipa, haina sindano wala mionzi. Mzee ana sukari?

Kijana wa Tandika: Anayo mama, muda mrefu. Kesho asubuhi namuuliza.