Bata bukini wa Fatma, vitwitwi wa Juma

*Kikundi: Ukoo wa Gede. Jumapili, mwisho wa Februari.*

Fatma (Southend, Uingereza): Assalaam aleikum nyote. Leo sina zamu, nimekuja Wallasea, kisiwa kilicho kati ya mto Crouch na mto Roach. Upepo unakata masikio.
[picha]

Shangazi Rukia: Waleikum salaam. Mbona naona tope tupu?

Fatma: Ikuze picha shangazi. Yale madoa meusi ni bata bukini.

Shangazi Rukia: Umevaa soksi ngapi?

Fatma: Mbili, na kofia.

Ami Salim (Muscat): Yaani ametoka kwenye tope la hori la Mida akapanda ndege, akalipa viza, ili akatazame tope la Wazungu 😂

Juma: Ami, tope ndio sahani yenyewe. Fatma, huko maji yanajaa saa ngapi?

Fatma: Saa sita u nusu mchana. Na ni bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, ndiyo maana nimewahi. Yakijaa, ndege husukumwa mpaka chini ya tuta, unawaona bila taabu. Yakipwa hutawanyika kule mbali, darubini yenyewe inachoka.

Juma: Huku bamvua vilevile. Saa nne asubuhi hori lote lilikuwa kavu, nilikuwa na wageni kwenye daraja la mikokoni.

Yusuf: Kwa nini bamvua iwe siku moja huku na Uingereza?

Juma: Mwezi ni mmoja, mwanangu. Rudisha simu ya mama yako.

Yusuf: Bibi ndiye amenipa. Anataka kusema.

Bibi (sauti, 0:41): Fatma mjukuu wangu, hujambo. Hapo umesimama juu ya nini? Naona kama ukuta wa udongo. Usije ukateleza.

Fatma: Sijambo bibi, shikamoo. Ni tuta la kuzuia bahari. Zamani hapa palikuwa kinamasi cha maji ya chumvi, maji yanaingia na kutoka. Watu wakapiga matuta, bahari ikafungiwa nje, pakalimwa. Sasa wenyewe wamelitoboa tuta ili bahari irudi. Kile kinamasi kipya kilikamilika 2015.

Bibi (sauti, 0:19): Wametoboa wenyewe? Kwa mikono yao? Bahari haialikwi jamani, huja yenyewe.

Shangazi Rukia: Mama ana haki. Huku watu wanalia bahari inakula viwanja, wao wanaifungulia mlango.

Fatma: Waliinua ardhi kwanza shangazi. Mngejua udongo ulitoka wapi! Ni ule uliochimbwa chini ya London walipotengeneza mahandaki ya reli ya Elizabeth. Zaidi ya tani milioni 3, ukaletwa hapa kwa meli.

Ami Salim: Treni hiyo nimeipanda. Kumbe nilikuwa nakaa kwenye shimo la bata.

Juma: Bibi, ni kazi ileile ya mikoko. Wimbi likipita mikokoni linafika nchi kavu limeshachoka. Hapo kwa Fatma hakuna mikoko, kuna majani mafupi yanayostahimili chumvi, nayo huvunja nguvu ya maji. Tuta likisimama peke yake linapigwa kila siku, kisha siku moja linaachia.

Fatma: Na liliwahi kuachia. Usiku wa 31 Januari 1953 bahari ilipanda matuta ya upande huu wote. Watu 307 walikufa Uingereza peke yake. Canvey, jirani yetu hapa, wazee bado wanausimulia usiku ule.

Shangazi Rukia: Inna lillahi.

Bibi (sauti, 0:08): Haya. Wenye nchi ndio wanaoijua. Endelea na bata.

Fatma: Kabla ya bata, nina ndege hapa mbele yangu, sululu, yule wa mdomo mrefu uliopinda. Kwa darubini kubwa namwona mpaka unyoya. Ameingiza mdomo wote topeni, mpaka tope likagusa macho, akauzungusha kama mtu anayetafuta ufunguo chini ya mkoba. Katoa kaa mdogo. Anamshika mguu mmoja, anamtikisa, mguu unakatika. Anaokota tena, anatikisa. Miguu yote imeisha. Sasa anampeleka kwenye kidimbwi, anamsuuza, ndio anameza.

Bibi (sauti, 0:12): Sululu namjua. Marehemu babu yenu akisema, ukimsikia analia usiku jua maji yamegeuka.

Ami Salim: Kumuosha pia? Wengine humu wanakula embe halijaguswa na maji.

Yusuf: Babu Salim mimi huosha!!

Fatma: Subirini.

Fatma: Subhanallah. Kozi, yule ndege mwindaji, amepita. Tope zima limeruka juu, maelfu. Wanageuka pamoja, upande mmoja weupe, upande mwingine kijivu, weupe, kijivu. Nimejaribu video, mikono inatetemeka kwa baridi.
[video, sekunde 9]

Shangazi Rukia: Nimeona kidole chako tu.

Juma: Amepata?

Fatma: Ameondoka mikono mitupu. Wale bukini hata hawakuruka, walinyanyua shingo tu.

*Ujumbe huu umefutwa*

Ami Salim: Rukia, umefuta nini?

Shangazi Rukia: Dua ya kusambaza kwa watu kumi. Nimekumbuka mama alikataza.

Fatma: Sasa sikilizeni habari ya bata, hasa wewe Juma. Hawa ni wadogo kwa bukini, kichwa cheusi, kola nyembamba nyeupe shingoni. Wanakaa huku baridi nzima, Machi na Aprili wanaondoka. Mtoto aliyezaliwa kiangazi kilichopita unamtambua kwa mistari myeupe kwenye bawa, na bado yuko ubavuni mwa mama na baba yake. Wamehama naye, wamemlinda miezi yote hii. Ukiona wakubwa wawili na wadogo watatu wanakula pamoja, hiyo ni nyumba moja.

Bibi (sauti, 0:15): Mashallah. Wanawake wa huko wana watoto wa kukaa nao. Mimi wangu mmoja Muscat, mmoja Mombasa, mjukuu kwenye theluji.

Ami Salim: Mama, natuma leo. Usinipige kwa bata.

Fatma: Kuna miaka kundi zima lina watoto tele, na miaka hukuti hata mmoja. Mwaka huu kila nikihesabu mabawa, mistari ni michache. Hapa karibu nyumba nyingi ni wawili wawili tu.

Yusuf: Kwa nini? Hawakutaga?

Fatma: Swali zuri. Hawa huzaliana Rasi ya Taimyr, kaskazini kabisa mwa Siberia, karibu kilomita 5,000 kutoka hapa. Huko kuna panya wa baridi wanaoitwa lemingi. Mwaka ambao lemingi ni wengi, mbweha wa huko wanashiba panya, bata anaachwa atage na kulea. Lemingi wakipungua, mbweha anageukia mayai na vifaranga. Bata anarudi huku peke yake.

Juma: Ngoja ngoja. Taimyr umesema?

Fatma: Ndiyo.

Juma: Huko ndiko wanakotoka vitwitwi wetu wa Mida! Wale wenye mdomo uliopinda chini kidogo, ambao sasa hivi wanaanza kupata madoa ya rangi ya matofali kifuani. Wataalamu wanaokuja kuwavalisha pete walinieleza. Wanazaliana Siberia, na Taimyr ndiyo kwao hasa. Kutoka kwetu ni zaidi ya kilomita 9,000.

Fatma: Ndio hao hao. Kiota chake na cha bata wangu ni uwanja mmoja, kaka.

Juma: Na mbweha mmoja basi.

Fatma: Na mbweha mmoja.

Ami Salim: Kwa hiyo panya akikosa kuzaa Urusi, Juma anakosa ndege wa kuwaonyesha wageni Watamu. Na mimi nilidhani biashara yake inategemea bei ya petroli.

Juma: Wakubwa wanakuja kila mwaka ami. Watoto ndio wanapungua. Na mimi nina njia yangu ya kujua. Mwezi wa saba, wakubwa wote wako Siberia. Wanaobaki huku wakizubaa kwenye tope la kusi ni vijana wa mwaka mmoja, hawajawa na haraka ya kuoa. Mwezi wa saba kukiwa na vitwitwi wengi, mwaka uliotangulia mbweha alishiba. Fatma akiniambia mistari ni michache, basi mwezi wa saba huu nitegemee tope tupu.

Fatma: Andika hiyo mahali. Tulinganishe Julai.

Yusuf: Naandika mimi. Kwenye daftari la sayansi.

Bibi (sauti, 0:10): Na wale weupe, wana mgongo mweusi, wanaokula kaa? Wale sijasikia mkiwataja.

Juma: Hao hawaendi Urusi bibi. Hao ni wa upande wa Ami Salim. Wanazaliana pwani na visiwa vya Uarabuni, Ghuba na Oman humo. Wanachimba shimo mchangani, wanataga yai moja tu ndani, joto la mchanga linasaidia kulilalia.

Ami Salim: Wana mdomo mnene mweusi, miguu mirefu? Nimewaona! Tulikuwa Shannah tunasubiri feri ya kwenda Masirah. Wamesimama kundi zima majini kama watu wanaongoja basi. Mwenyeji akaniambia hapo panaitwa Barr Al Hikman, baridi ikifika wanakusanyika ndege wa topeni zaidi ya nusu milioni.

Juma: Ndio wenyewe. Na hao ndio kichekesho. Mtoto anaruka na wazazi mpaka Mida, ana kimo cha mama yake, lakini bado anamfuata nyuma akilia aletewe kaa. Kaa wamejaa miguuni pake!

Shangazi Rukia: Nina mmoja kama huyo hapa nyumbani. Ana miaka 27. Amelala hadi sasa.

Ami Salim: Yumo kwenye kikundi Rukia.

Shangazi Rukia: Najua.

Hamadi: Nimeamka mama.

Fatma: 😂😂 Maji yameanza kupwa, bata wanasogea mbali. Vidole sivisikii tena.

Shangazi Rukia: Rudi nyumbani unywe chai ya tangawizi. Na yule ndege kwenye kibao cha shirika, mdomo umejipinda kwenda juu, naye yupo hapo?

Fatma: Yupo, na wengi. Ndiye nembo ya RSPB, shirika la kulinda ndege, wenye hifadhi hii. Aliacha kuzaliana Uingereza miaka mingi. Wakati wa vita vya Hitler mbuga za pwani ya Suffolk zilifurishwa maji kuzuia Wajerumani wasitue, na 1947 akarudi akataga. Maji yalimrudisha, bibi. Sisemi kitu kuhusu tuta.

Bibi (sauti, 0:05): Nimesikia, usinichokoze.

Yusuf: Babu Salim, naomba darubini. Ya baba ina jicho moja bovu.

Ami Salim: Ninayo moja, siitumii. Amina anakuja Aprili, nitampa.

Juma: Aprili vitwitwi wengi watakuwa njiani ami. Hamna wa Machi?

Ami Salim: Wa Machi yupo, jirani yangu wa Malindi. Lakini mzigo wake umejaa, nimeshampa blenda ya Rukia.

Shangazi Rukia: Isiguswe.

Yusuf: Bibi Rukia tafadhali 🙏🙏

Shangazi Rukia: Nimeingoja blenda hiyo tangu mfungo uliopita.

Bibi (sauti, 0:07): Rukia, nazi tumekuna kwa mbuzi miaka yote. Blenda ije na Amina.

Shangazi Rukia: Sawa mama.

Ami Salim: Juma nitumie jina kamili la kuandika kwenye mfuko.