Je, wenye ugumu wa kujifunza wafundishwe grafu za mwendo kwa kutembea?

Mwalimu wa Mkomani: Katika kidato cha tatu nina wanafunzi ambao, wakiuona mstari unaopanda katika grafu ya umbali na wakati, husema mtu huyo anapanda mlima. Napendekeza tuwatoe nje, watembee barabara ya pwani hapa Lamu kuelekea Shela, mmoja akitangaza kila sekunde tano na mwingine akitia alama ya chaki mwenzao alipofika, kisha alama hizo ndizo wazichore. Anayesimama umbali wake hauongezeki, na mstari unalala.

Mama wa Langoni: Mwalimu, kwa heshima zote, mwanangu ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika; si mtoto wa chekechea. Wenzake watumie tikatima, kile kifaa cha kupiga vidoti kwenye utepe wa karatasi, maabara, naye atembezwe mbele ya wachukuzi na punda wao?

Nahodha wa Mokowe: Mlima gani huo, na Lamu yote ina matuta ya mchanga tu? Mimi nina swali jingine. Boti ikishika kasi moja kutoka Mokowe, mstari katika grafu ya kasi na wakati unalala vilevile. Aliyefundishwa kwamba kulala ni kusimama ataandika kuwa boti imekwama mkondoni.

Mwalimu wa Mkomani: Neno chekechea sikulitamka, Mama, wala sikusema atoke peke yake; darasa zima litatoka. Hiyo tikatima mnayoitukuza hupiga vidoti 50 kwa sekunde, yaani sekunde 0.02 kutoka kidoti hadi kidoti, na mwanafunzi ambaye tarakimu humchanganya hupotea katika kuhesabu kabla hajafika kwenye mwendo wenyewe.

Mama wa Langoni: Kama ni darasa zima, sina ugomvi. Lakini mtihani haumtembezi mtu. Nasikia watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa muda. Mbona shuleni hakuna aliyenieleza niombe lini, wala kwa nani?

Mwalimu wa Mkomani: Hilo ni la ofisi, Mama, nami nafundisha fizikia. Hata hivyo, muda wa ziada hautamfaa asiyejua kwamba katika grafu ya umbali na wakati mwinuko wa mstari ndio kasi.

Mama wa Langoni: Kumbe mwanangu hajui! Asante kwa kunitangazia.

Nahodha wa Mokowe: Nimeuliza kuhusu boti, mkajibizana kuhusu ofisi. Kabla hawajatoka kutembea, wasomeshwe kwanza kilichoandikwa kwenye mhimili wa wima: ni umbali au ni kasi?