Kwa nini aliyeacha unga hufa akirudia kipimo chake cha zamani?

Kisima77:
Habari za humu wakuu. Wenye ujuzi naomba mnieleweshe. Nasikia mtu akikaa soba hausi (nyumba ya kuwasaidia watu kuacha dawa za kulevya) miezi kadhaa, akitoka na kurudia heroini mara moja tu, anaweza kufa, tena kwa kiasi kilekile alichokuwa akikimudu. Mwili si umeshapumzika ukapata nguvu? Na ukimkuta ameanguka, unaanzia wapi?

NesiWaZamu:
Hizo nguvu ndizo zinazowadanganya wengi. Heroini hufifisha sehemu ya ubongo inayoendesha upumuaji. Anayetumia kila siku, ubongo wake huzoea, ndiyo maana kiasi cha kumuua mgeni yeye kinamtuliza arosto tu, yaani yale maumivu ya kuikosa. Akiacha, mazoea hayo huanza kuondoka ndani ya siku chache, na baada ya wiki mbili hivi yamepungua sana. Kichwani lakini bado anaikumbuka hesabu yake: kete mbili, yaani vipakiti viwili. Anajidunga zote, pumzi inapungua, oksijeni inakwisha, moyo unasimama. Anayetoka jela au wodini yumo hatarini vilevile. Pombe na vidonge vya kutuliza kama diazepamu navyo hubana pumzi, kwa hiyo akichanganya, hata kidogo kidogo kinaweza kumuua.

Mdau_Huduma:
Nijazie hapo pa kumkuta ameanguka. Mwite, msugue katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole. Haamki, anapumua kwa nadra, midomo imekuwa ya bluu au kijivu, mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano: ndiyo yenyewe, unga umemzidi. Mara nyingi kunakuwa na mkoromo mzito unaokwama kooni, na watu husema "mwacheni alale". Wengi wamepotea hapo.

Ita gari la wagonjwa. Mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi moja kila sekunde 5, ukiona kifua kinapanda. Naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini, ikiwepo, mdunge miligramu 0.4 kwenye msuli wa paja, hata juu ya nguo. Dakika 2 au 3 zikipita bila nafuu, rudia, huku ukiendelea kupuliza. Akipumua mwenyewe, mlaze ubavu. Kumwagia maji au kumdunga maji ya chumvi ni kupoteza dakika, na maziwa yatamwingia mapafuni.

Kisima77:
Asante sana. Akizinduka ndiyo basi, aende zake?

NesiWaZamu:
Thubutu! Naloksoni hufanya kazi dakika 30 hadi 90 hivi. Methadoni, kwa mfano, ile dawa ya jamii ya heroini wanayopewa walioacha unga, hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hiyo anaweza kuzama tena. Isitoshe, huamka na arosto kali na kutaka kuongeza. Akiongeza, naloksoni ikiisha vyote vinamshukia kwa pamoja. Apelekwe hospitali, na asiachwe peke yake.

Dozi:
Mimi nalaumu zaidi kuwatoa watu soba hausi mikono mitupu. Methadoni au mwenzake buprenofini hupunguza kiu ya unga na kuulinda mwili. Wanaosema ni kubadili uraibu kwa uraibu hawajaangalia nani anabaki hai. Ila methadoni haina haraka: kwa kawaida huanzwa na miligramu 20 hadi 30, kwa kuwa hujilimbikiza siku baada ya siku, na dozi isiyo na shida Jumatatu inaweza kumzidi Alhamisi. Aliyekaa miezi bila unga huanzishwa chini ya hapo, akinywa mbele ya mhudumu.