Tupeane uzoefu: kuanzisha tangi la samaki lenye mimea hai nyumbani, Arusha na Moshi

Mwanzilishi wa mada (Njiro, Arusha)

Ndugu zangu, habari za siku nyingi. Nimefungua mada hii kwa sababu nimekutana na watu kadhaa hapa mjini walionunua tangi la kioo, wakalijaza maji ya bomba asubuhi, wakatia samaki jioni ileile, na baada ya siku kumi wakabaki na kioo kitupu juu ya kabati. Maelekezo mengi tunayoyasoma yameandikwa na watu wa mbali, ambao maji yao na hali yao ya hewa si kama ya kwetu. Naomba kila mwenye tangi lenye mimea hai aeleze alivyoanza, maji anayotumia na kilichomkwamisha. Nitatangulia mimi.

Tangi langu lina urefu wa sentimita 90, upana wa 40 na kimo cha 45, yaani lita 162 likijaa hadi ukingoni. Nilitengenezewa na fundi vioo wa mtaani kwetu kwa kioo cha milimita 8. Nilimsisitizia atumie silikoni isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, maana ile ya bafuni ina dawa inayoweza kuwadhuru samaki, kisha tukaliacha likauke juma zima mpaka ile harufu kali ya siki ikaisha. Meza nilichomelewa ya chuma, kwa kuwa maji peke yake yanakaribia kilo 160, na ukiongeza mchanga, mawe na kioo chenyewe unavuka kilo 200 bila shida.

Kosa langu lilikuwa kwenye maji. Maji mengi ya huku kwetu yametoka kwenye chemchemi na visima vya miteremko ya Mlima Meru, yakapita kwenye miamba ya volkano, na sote tunaijua habari ya floridi na meno ya kahawia. Nilidhani kuyachemsha kungesaidia, kumbe floridi haiondoki kwa moto. Mvuke ukitoka, inayobaki inazidi kukolea. Hata hivyo, kilichowaua samaki wangu ni amonia, ikisaidiwa na ualkali wa maji haya. Yana bikaboneti nyingi ya sodiamu, na pH yangu, yaani kipimo cha asidi na alkali ambacho 7 ni katikati, ilisoma 8.4. Katika pH ya namna hiyo, sehemu kubwa zaidi ya amonia inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula hukaa katika umbo lake lenye sumu, hivyo kiasi ambacho samaki angekivumilia kwenye maji ya pH 7 humuunguza matamvua kwenye maji yangu. Siku ya nne niliwakuta gapi wangu sita, samaki wadogo wa mapambo, wameng'ang'ania juu kabisa, midomo inapigapiga hewa, mapezi yamefumbwa yakagandamana na mwili kama mwavuli uliokunjwa. Kufikia saa kumi jioni hakubaki hata mmoja.

Nilianza upya bila samaki. Niliotesha mimea, nikawasha kichujio, na kila siku nikatia chembe chache za chakula cha samaki ili zioze na kuwalisha bakteria. Kundi la kwanza la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mimea huitumia kama mbolea. Nilipima kwa vipimo vya matone kila baada ya siku tatu nikiandika kwenye daftari. Amonia ilipanda, ikashuka. Nitriti ikapanda baada yake, ikakawia kushuka hadi karibu nikate tamaa. Na katika wiki ya sita vyote viwili vikasoma sifuri. Ndipo nilipoingiza samaki watatu, wala si kumi.

Mmea ulionifaa kuliko yote ni valisneria, ule wenye majani marefu kama utepe. Mimea mingi ya majini hutegemea hewa ya kaboni iliyoyeyuka, ambayo ni adimu kwenye maji ya alkali, lakini valisneria inaweza kuchukua kaboni kutoka kwenye bikaboneti yenyewe. Kwa hiyo maji yaleyale yaliyonitesa upande wa samaki yamekuwa chakula cha mmea huu, na sasa unatambaa chini ya mchanga na kuchipua kila baada ya siku chache.

Mchangiaji (Rau, Moshi)

Ahsante sana mwanzilishi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa baiolojia, na tangi langu la lita 100 lina miaka minne sasa. Sisi wa Moshi tumejaliwa maji ya chemchemi za Kilimanjaro, na kwangu pH haijawahi kupita 7.6. Hata hivyo maji ya bomba hutiwa klorini, kwa hiyo huyaweka kwenye ndoo zilizo wazi kwa saa 24 kabla ya kuyatumia.

Kwa kuwa umeitaja valisneria, niseme kwamba mmea huo una historia katika jambo hilihili. Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, alieleza jinsi alivyoweka samaki wawili wa dhahabu pamoja na valisneria katika chombo kimoja bila kubadilisha maji. Mambo yalikwenda vizuri mpaka majani makuukuu yalipoanza kuoza na maji kuchafuka. Akaongeza konokono wa kuyala, na mizani ikarudi. Nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu habari hiyo ubaoni, na baada ya kustaafu nikataka kuiona kwa macho yangu.

Nilikosea kwenye udongo. Nilisoma kwamba mimea hustawi zaidi ikiwekewa udongo wa kawaida chini ya mchanga, nami nikachota udongo wa kihambani, chini ya migomba, nikauona mweusi na mzuri. Sikuzingatia kwamba ulikuwa umejaa samadi. Wiki ya pili maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, na kila nilipochomeka mche, mapovu yalipanda yakitoa harufu ya yai viza. Niliondoa kila kitu. Safari ya pili nilichukua udongo usiotiwa samadi, nikauchekecha, nikauloweka na kumwaga maji ya juu mara kadhaa, kisha nikauweka kwa unene wa sentimita mbili na nusu tu na kuufunika kwa mchanga wa mto sentimita tatu. Mchanga nao niliujaribu kwanza kwa kuudondoshea siki: ukitoa povu, una chokaa, nayo itapandisha ugumu wa maji. Ule mweusi wa volkano haukutoa povu lolote.

Mwanga usizidi. Nilianza na saa 11 kwa siku nikidhani naisaidia mimea, na mwani wa kijani ukafunika kioo mpaka sikuona ndani. Nilipopunguza hadi saa saba na kulisogeza tangi mbali na dirisha la mashariki, kioo kilitulia. Siku hizi, ikifika saa nane mchana taa zikiwa zimewaka kwa muda, huona kwenye kingo za majani vishanga vidogo vya hewa ya oksijeni, vingine vikichomoka na kupanda kwa mstari ulionyooka. Mjukuu wangu huvuta kigoda akakaa kuvihesabu.

Mchangiaji (Sakina, Arusha)

Shikamooni wakubwa. Je, baridi ya Juni na Julai mnaikabili vipi? Sebule yangu asubuhi huwa na nyuzi 16.

Mwanzilishi wa mada

Marahaba. Mimi hutumia hita ya wati 100 iliyowekwa nyuzi 24, na nyuma ya tangi nimebandika ubao wa povu, ule mweupe wa kufungia vifaa vya umeme. Usiku nafunika juu kwa kioo, kwa sababu joto jingi hupotelea juu.

Mchangiaji (Majengo, Moshi)

Kwetu adui ni joto na kukatika kwa umeme. Nilinunua kichujio kikubwa cha nje, kile cha mkebe uliofungwa, nikakiamini kupita kiasi. Usiku mmoja umeme ulikatika kwa saa 14. Uliporudi, kichujio kilijiwasha chenyewe na kusukuma ndani ya tangi maji yaliyokuwa yamefungiwa bila hewa muda wote huo, pamoja na bakteria waliokwisha kufa. Samaki walikuwa wamevumilia usiku kucha; waliharibikiwa baada ya umeme kurudi, na jambo hilo liliniuma sana kwa sababu nilikuwa nimesimama pale nikifurahi kuona taa zimewaka.

Tangu hapo natumia kichujio cha sponji kinachoendeshwa na pampu ndogo ya hewa, na ninayo pampu nyingine ya betri. Sponji iko wazi ndani ya maji, kwa hiyo hewa ikikosekana bakteria wake hawafi upesi kama walio kwenye mkebe. Nimepunguza samaki hadi wanane kwenye lita 120, na nimezidisha mimea. Kumbukeni pia kwamba mimea hutoa oksijeni penye mwanga tu; usiku nayo huivuta pamoja na samaki. Januari hadi Machi maji yangu hufika nyuzi 30, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, hivyo miezi hiyo pampu haizimwi.

Mchangiaji (Usa River)

Naomba niwatahadharishe kuhusu mimea ya kuokota. Nilipoanza sikuwa na fedha ya kununua, nikaenda mferejini nikavuna serotofilamu, ule mmea usio na mizizi wenye majani kama brashi ya kusafishia chupa. Ni mmea mzuri, unaelea tu na kunyonya amonia haraka. Lakini ulikuja na konokono, nami nilikuwa nimeingia mferejini peku na kuwasafisha kwa mikono mitupu. Muuguzi mmoja ambaye ni jirani yangu alinikalisha chini akanieleza kwamba baadhi ya konokono wa maji baridi hubeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hutoka kwa konokono na kupenya kwenye ngozi ya mtu aliye majini. Nilikwenda kupima na nikatibiwa.

Sasa navaa mabuti na glavu ndefu. Mimea naitenga kwenye ndoo yenye kifuniko kwa wiki mbili, nikiisuuza na kuondoa kila konokono na kila uteute wa mayai chini ya jani. Kifuniko kinazuia pia mbu wasitage, kwa maana tangi au ndoo iliyokaa wiki bila samaki ni mazalia yao. Na tukipunguza mimea, tuichimbie shimoni au tuianike ikauke kabisa, tusiitupe mtoni. Maji ya huku yanashuka Kikuletwa hadi Nyumba ya Mungu, na tumeona magugu maji yalivyolitesa Ziwa Victoria.

Mchangiaji (Kijenge, Arusha)

Mimi niliweka vifaranga vya perege kutoka kwenye bwawa la ndugu yangu. Ndani ya mwezi mmoja walikuwa wamekula majani na kufukua mizizi yote. Perege wafugwe bwawani.

Kwa wenye maji ya alkali, fikirieni samaki wa Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yana pH inayokaribia 9. Ninao wale wadogo wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono. Wanachimba mchanga kuzunguka gamba, kwa hiyo mmea wa kuchomeka karibu nao hautulii. Nimewawekea anubiasi, mmea wa Afrika Magharibi na ya Kati, nikiufunga kwa uzi kwenye mawe mekundu ya volkano. Shina lake nene lisifukiwe, litaoza.

Mwanzilishi wa mada

Nashukuru sana, hasa mwalimu na dada wa Usa River. Nimeanza kuchanganya maji ya bomba na ya mvua, nusu kwa nusu, nikitupa ya dakika 20 za kwanza yanayoosha vumbi la bati. pH imeshuka hadi 7.8, nayo haijayumba kwa wiki tatu. Ninabadilisha robo ya maji kila Jumamosi, na nitaleta vipimo vyangu masika yakiisha.

Nimetenga miche 15 ya valisneria kwenye ndoo, imekwisha kukaa wiki mbili bila konokono. Anayeihitaji aseme hapa, aje na chombo chenye kifuniko na gazeti lililoloweshwa, kwa kuwa majani yakikauka njiani hayarudi.